Siku Baba Mkwe Alipoachia Kamba

Jumatatu, 11 Januari 1954

Nimenunua daftari hili sokoni Keumbu. Naandika kwa Kiswahili. Mama mkwe akilikuta, hata aligeuze juu chini, halitamwambia kitu.

Mimi nilifika darasa la tatu tu. Nilikuwa wa pili kati ya watoto arobaini! Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mwenyewe, kwa hiyo wa kwanza halisi anajulikana. Kisha ng'ombe wa mahari wakafika uani, baba akanitoa shule. Yamepita. Hayajapita.

Sasa habari. Misi Hewiti, mwalimu wa Kizungu pale Nyamira, amebakiwa na nafasi moja katika darasa la watoto wadogo. Moja! Jumapili wazazi wapeleke watoto wao kwenye mwamba wa Manga, wapande kwa kamba. Ati mtoto anayemwamini mzazi wake mwambani hatashindwa kusoma. Wazungu nao! Lakini Bitutu wangu ana miaka saba na anapanda mpera kama ngedere. Nafasi ni yetu. Katika nyumba hii hatatolewa mtu shule tena.

Jumatano, 13 Januari

Adui amejulikana. Margret Anyiko, mke wa Odero karani, watu wa kutoka ziwani. Anampeleka mwanawe Fred. Nilimkuta sokoni, nikamwambia kwa huruma kwamba siku imesogezwa hadi Jumatatu. Akanishukuru sana, akaniita dada. Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jioni nikamfanyisha Bitutu mazoezi kwenye jiwe kubwa nyuma ya migomba. Nikamwambia aruke, nitamdaka. Akaruka. Wakati huohuo jirani yangu Bonareri alikuwa anapita njiani, nami nikageuka kuhakikisha kwamba anatuona. Bitutu akaangukia kwenye viazi.

Hakuumia. Ila hasemi na mimi.

Ijumaa, 15 Januari

Aibu! Kumbe barua za Misi hupigwa taipu na Odero. Margret alinitumia salamu kupitia wauza ndizi wote wa Keumbu: mama Bitutu ashukuriwe, lakini barua aliyoiona mume wake ni ya Jumapili, hiyo ya Jumatatu labda aliipiga akiwa usingizini. Wauza ndizi walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya ndizi zake.

Jambo la pili. Kila mtoto aje na watu wazima wawili wa nyumba yao. Mume wangu Joash yuko Kericho kwenye mashamba ya chai, harudi mpaka Pasaka. Nimefikiri sana. Nimempata mtu: baba mkwe, Mzee Okemwa! Ana nguvu za fahali, na anapendana na Bitutu. Yeye humwita mke wangu mdogo, naye Bitutu humwita kibogoyo. Babu na mjukuu hawana mipaka. Mimi na yeye ndio tuna chinsoni, ile haya ya mkwe: tangu niolewe hatujapeana mkono hata siku moja. Kwa hiyo nilimtuma mama mkwe akamwombe. Mzee amekubali. Atamshikia mjukuu wake kamba, basi. Nani mwingine angefikiria hili? Darasa la tatu!

Jumapili, 17 Januari



Tulifika wa kwanza. Nilivaa gauni langu la kanisani. Misi alikuwa ameshapitisha kamba kwenye mti juu ya mwamba, ncha zote mbili zikining'inia. Akaeleza. Mama anapanda kwanza mpaka kwenye jiwe bapa lililojitokeza, mtoto amfuate akimwona. Mwingine abaki chini ashike kamba, na asimwondolee macho anayepanda.

Mama kwanza! Hilo hakuna aliyeniambia.

Margret alipanda peku, sketi ameifunga magotini, Odero akiwa chini anamtania kwamba anapanda kama anayekwepa kuosha vyombo. Fred akamfuata, akala yai la kuchemsha huko juu. Wote wakanigeukia. Ningesema nini? Kwamba siwezi? Mimi?

Nikajifunga. Nikapanda. Nilifika kimo cha ghala mbili zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Chini yangu, Mzee Okemwa alikuwa ameshika kamba macho yakiwa kwenye nyasi. Misi akamhimiza aangalie juu. Mzee akaangalia viatu vya Misi. Misi akamhimiza tena kwa sauti, mzee, mwangalie mama, mwangalie! Amwangalie nani? Mke wa mwanawe, amening'inia juu ya kichwa chake na gauni la kanisani?

Mzee akailaza kamba chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Akageuka. Akaenda zake migombani, hakutazama nyuma.

Nikakumbatia jiwe. Nilipiga kelele ambayo naambiwa ilisikika mpaka barabarani. Aliyeirukia ile kamba ni Margret. Alinishusha taratibu, akiniambia dada, mguu wa kushoto, dada, usiogope. Dada! Afadhali angenitukana.

Halafu likaja lililo baya. Misi akamuuliza Bitutu ni nani amshikie kamba sasa. Bitutu akamnyooshea kidole Margret. Nikamweleza Misi kwamba mtoto huyu kidole chake huwa kinapinda. Bitutu akaondoka kabisa ubavuni kwangu, akaenda kumuuliza Margret kama atakuwa anamwangalia yeye wakati wote. Margret akasema atamwangalia.

Bitutu akapanda kama mjusi. Mpaka juu kabisa, kupita Fred. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Jumatatu, 18 Januari

Mzee hajala tangu jana. Mama mkwe alisimama mlangoni pangu akauliza ni shule gani hii inayoanza kwa kumtundika mkwe juu ya kichwa cha mkwewe. Akauliza pia kama kesho watamtundika yeye. Nimepeleka jogoo wangu mwekundu wa kuomba radhi. Jogoo amepokelewa. Mimi bado.

Alhamisi, 21 Januari

Barua! Nafasi ni ya Bitutu! Nimeisoma mara nne. Nimemsomea Bonareri, na mume wake, na mtu aliyekuja kuuza vyungu. Nimewaeleza kwamba upandaji ule nilimfundisha mimi.

Mstari wa mwisho sikuwasomea. Kutoka hapa hadi Nyamira ni mbali kwa miguu ya mtoto, kwa hiyo atakaa kwa Odero na Margret, walio jirani na shule, kwa vile mtoto anamwamini yule mama. Kurudi nyumbani ni wikendi. Na Margret ndiye aliyemwambia Misi kwamba Fred ataingia mwaka ujao. Ametuachia nafasi! Mwanamke yule hana haya hata kidogo.

Jumapili, 24 Januari

Nimemsindikiza. Nguo mbili, sabuni, ndizi mbivu. Njiani nilimpa mpango: kila jioni alie kwa sauti, mpaka Margret achoke na Misi amtafutie nyumba nyingine, kwa watu wetu. Jethro, binamu yake Joash, anakaa karibu na shule.

Bitutu akauliza atalia kwa sababu gani. Nikamwambia anifikirie mimi tu, machozi yatakuja yenyewe. Akasimama katikati ya njia, akafumba macho, akafikiri sana.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka ndizi zikamdondoka.

Hajashika somo vizuri. Wikendi akirudi tutafanya mazoezi.