Jina la Joha Kwenye Kifurushi

Jumatatu, 7 Machi 2005
Kutoka Kilosa mpaka Mikumi hakuna kichwa kama changu. Shule niliiacha kidato cha pili kwa huruma, ilikuwa inachoka kunifuata. Hata tembo wa hapa wakiniona wananipisha!

Dada Joha kanitumia disketi na basi la Kilosa, na barua. Miezi minane kaandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, kwenye kompyuta chakavu ya ofisi ya ushirika. Inasoma mafaili ya mipangilio na kusema mstari upi una kosa. Kwao hakuna intaneti. Kwa hiyo ananiomba mimi, mtaalamu wa kafe ya intaneti ya Mzee Donati, niifunge iwe kifurushi cha mfumo wa kompyuta wa Nyati Linux, niwatumie wanaousambaza kule Dar. Mtunzi wa kifurushi bora ataitwa Dar kwenye kozi ya miezi sita, malazi bure. Joha anaitaka nafasi hiyo kama mgonjwa anavyotaka dawa. Kasisitiza: mdogo wangu, funga tu, ndani usiguse.

Nani, mimi?

Jumanne, 8 Machi
Fomu inauliza mtunzi ni nani, mfungaji ni nani. Nimejaza jina langu: Kondo, na Kondo. Inapendeza! Mzee Donati kauliza kama nimeijaribu kwa faili bovu. Bovu nilitoe wapi? Mafaili yangu hayana makosa. Nimempa shikamoo nyingine anyamaze.

Alhamisi, 10 Machi
Wamekirudisha kifurushi! Eti kwao kinagoma, kinadai programu saidizi ya Python ambayo sikuitaja. Kwangu ilikuwemo tangu zamani, ningejuaje? Mashine zao ndizo maskini. Nimeitaja, umeme ukakatika mara mbili, nimetuma tena. Kimekubali! Nimeanza kuaga. Bonifas muuza chipsi kaniambia niage nikishakaa ndani ya basi.

Jumamosi, 12 Machi
Huyo Agatha, mkaguzi wa Dar, ana roho mbaya. Kailisha programu faili bovu makusudi. Ikamjibu: kosa mstari wa tatu, ukikwama niandikie mimi mtunzi, Joha wa Kilosa. Ananiuliza Joha ni nani. Nimejibu ni jina langu la utani. Kauliza mstari wa arobaini wa programu unafanya nini. Nimejibu unafuata wa thelathini na tisa.

Jumatatu, 14 Machi
Kimetupwa. Mtunzi hajulikani, wanasema, na ugomvi hawautaki. Nafasi kapewa Yeremia wa Dumila, kwa programu ya kuonyesha saa. Saa!

Jumatano, 16 Machi
Joha kaja mwenyewe, habari keshazipata. Nilikuwa nimeandaa uongo wa namna tatu. Nikasema shikamoo dada. Kachukua disketi yake, kaipangusa kwa kanga, katoka. Nimemfuata na shikamoo yangu mpaka stendi, watu wanatazama. Marahaba haikuja.

Mchana kutwa nimelaumu umeme, Agatha, hata Mzee Donati. Humu hakuna anayesoma, basi niseme. Kosa ni moja tu: nililifuta jina la dada Joha. Tena nikalifuta nusu, la ndani likabaki.

Nakala bado ninayo kwenye mashine ya kona. Leo nimemalizia kulifuta.