Sukari Mabegani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Mersin, Uturuki.
Miaka kumi na mitatu na miezi miwili tangu vita vinitoe Aleppo. Mba bado ninayo. Jumamosi mjukuu wangu Lamis anaposwa, nami ndiye wa kujibu kwa niaba ya ukoo. Nitavaa koti jeusi, lile nililotoka nalo. Nimelijaribu, nikatikisa kichwa mara moja. Theluji! Dada yangu Bahija akauliza kama ninaoza mjukuu au ninachekecha unga.

Upande wa pili atasema Sabri wa Antakya, babu wa kijana anayeposa. Ana miaka sabini na sita. Nywele nyeupe, nzito, zinang'aa. Mabega safi kama ukurasa usioandikwa. Sijawahi kumwona akijikuna. Namstahi. Simvumilii.

Jumanne, 7 Oktoba.
Siki. Imechoma! Harufu ikafika ngazini. Jirani wa juu akauliza achari itakuwa tayari lini. Bahija akamjibu kichwa hiki hakiivi.

Jumatano, 8 Oktoba.
Mtindi na limau, nusu saa juani. Nyuki wawili. Mtindi ukikauka hautofautiani na mba, hata kwa miwani.

Bahija akasema nitumie sabuni iliyo sandukuni: mafuta ya zeituni na ya ghar, ule mti wa majani yenye harufu, nje rangi ya dhahabu, ndani kijani. Ndicho kipande cha mwisho kutoka nyumbani kwetu. Nikakataa katakata. Kikiisha, nyumba ile nitainusa wapi?

Alhamisi, 9 Oktoba.
Nimemfuata Sabri kwa kinyozi, nikajificha nyuma ya gazeti. Kinyozi akamuuliza siri yake. Akasema ni mafuta ya zeituni ya uvuguvugu, kisha sabuni ya ghar ya Antakya, basi. Halafu, bila kugeuka: “Hata ya kwenu Aleppo si mbaya, Ustadhi, ukiisuuza vizuri.”

Si mbaya! Sisi!

Jioni nimepata dawa bora kuliko sabuni: sukari. Nitaleta peremende laini zilizogaragazwa kwenye unga wa sukari, na feni ya dari izungushwe kwa kasi. Makoti yote yatakuwa meupe. Nani atajua theluji ni ya nani?

Ijumaa, 10 Oktoba.
Peremende kilo mbili. Lamis ameahidi kuwasha feni nikikohoa.

Bahija akanikalisha, akanipaka mafuta ya uvuguvugu. Kazi yangu ilikuwa kusahihisha vitabu, lakini sijawahi kupitia ukurasa kwa makini kama vidole vyake vinavyopita kichwani, mstari kwa mstari. Akaniosha. Nilikuwa nimefumba macho harufu iliponijia: shuka za mama. Alikuwa amekikata kile kipande. Akasema nusu imebaki, nisilie. Nikasema ni povu.

Jumamosi, 11 Oktoba.
Kichwa safi! Hata chembe! Ningeweza kuacha mpango. Lakini peremende zilikwisha nunuliwa.

Nikakohoa. Feni ikazunguka. Unga wote ukanishukia mimi, niliyeketi chini yake. Sabri alikuja na suti nyeupe! Shangazi wa kijana akamnong'oneza mwenzake, nikasikia: “Mba ya ukoo hiyo. Na bibi harusi je?” Lamis akainamisha kichwa. Nikajipangusa, nikazidi kuusambaza unga.

Sabri akainuka. Akagusa bega langu kwa kidole, akakilamba mbele ya watu wote. “Sukari! Ukoo mtamu huu, jamani, mpaka mabegani!” Ukumbi ukacheka, shangazi naye akacheka, Lamis akainua uso. Nikajibu posa kwa sauti niliyokuwa nayo zamani.

Mlangoni nikamshukuru. Akaninong'oneza, “Sikuwa na hakika, Ustadhi.”

Na alilamba! Watu wa namna hii wamebaki wangapi?

Jumapili, 12 Oktoba.
Hakuna mba, hakuna muwasho. Nusu ya sabuni nimeirudisha sandukuni, na ufunguo ninao mimi. Haitaguswa tena. Nimesikia maji ya vitunguu ni bora. Nimenunua kilo tatu. Mpaka harusi nitakuwa na nywele kumshinda Sabri.

Alhamisi Bahija anakwenda Aleppo kuitazama nyumba. Ameniambia, “Kaka, twende, kuta zipo.” Nimemwambia alete sabuni; kuta tupu hazina harufu ile.

Mimi sitarudi.