Watachagua kwa Amri Yangu

Jumatatu, 1 Julai

Msiba. Mwalimu mkuu Phadnis kaniita ofisini akanipa chai. Dalili mbaya, bwana yule hatoi chai bure. Kumbe shule haiwezi kuweka walimu wawili wa michezo. Jumamosi anakuja mkaguzi. Atatazama somo langu na la mwenzangu Ketaki. Mmoja atabaki na uwanja, mwingine atasimamia chakula cha mchana.

Chakula cha mchana! Mimi, Dattatray Gholap, niliyewafunza gwaride nusu ya wanaume wa mji huu! Ketaki katoka chuoni juzi tu, hata filimbi hana. Anawauliza watoto wangependa kujifunza vipi. Mimi nani aliniuliza? Nilichapwa, na tazama nilivyonyooka. (Mgongo unauma tena. Mvua hizi.)

Jumanne, 2 Julai

Nimemwachia Ketaki darasa la saba C, mashetani watupu. Mimi nimechukua A, watiifu. Nimemwambia nampa heshima. Akanishukuru! Kisha nikaficha chokaa ya kuchorea uwanja kabatini mwangu. Tuone.

Jioni binti yangu Rucha, ambaye yumo C, hakufunga mdomo. Eti chokaa haikuonekana, mwalimu akawauliza wafanyeje, wakapanga ndala zao zikawa mistari. Eti timu ikizidiwa wanakaa chini na kubadili sheria wenyewe. Eti amekimbia mpaka akasahau kunywa maji. Rucha huyu huyu! Mwaka jana kila siku ya somo langu kichwa kilimuuma. Nikamwambia ale mkate wake wa bhakri anyamaze.

Imeniuma. Naandika kwa kuwa humu hasomi mtu.

Alhamisi, 4 Julai

Phadnis kaninong'oneza kwamba mkaguzi anapenda mbinu mpya: mtoto achague, mtoto afikiri. Vizuri. Dawa ya moto ni moto. Nitawapa uhuru, tena ulionyooka kuliko wa Ketaki.

Nimeteua mchezo wa kho-kho. Watoto wanachuchumaa mstari mmoja, huyu anatazama mashariki, jirani yake magharibi. Anayekimbiza humgusa mgongoni mwenzake amtakaye, anaita "kho!", naye huyo anainuka kuendeleza msako. Amtakaye! Hapo ndipo penye kuchagua. Basi nimewapangia watakaowataka. Pushkar amchague Nikhil, Nikhil amchague Omkar, Omkar amchague Sahil. Aliyekosea kuchagua kazunguka uwanja kwenye matope. Kengele ilipolia walikuwa wanachagua vizuri ajabu.

Pushkar akauliza itakuwaje anayekimbizwa akikimbilia upande mwingine. Nikamjibu hatakimbilia. Naye nimempangia.

Ijumaa, 5 Julai

Ketaki kanifuata. Anataka tumwombe mkuu tufundishe pamoja: mimi niwafunze kusimama na kukimbia vizuri, yeye michezo, tubaki wote wawili. Mjanja! Ameona anashindwa, sasa anataka kunidandia mgongoni. Nikamwambia fahali wawili hawakai zizi moja. Akaondoka. Leo nitalala usingizi mtamu.

Jumamosi, 6 Julai

Omkar hakuja! Bibi yake kampeleka barabarani kuwapokea mahujaji waendao hekaluni Pandharpur. Msafara umepita leo, nusu ya mji ilikuwa huko na maua. Mzaliwa wa hapa nimesahau siku ya msafara! Nikawaambia watoto waache nafasi ya Omkar wazi, mstari usiharibike.

Filimbi. Pushkar akamchagua Nikhil, safi kabisa. Nikhil akafika penye pengo la Omkar, akapiga hewa. "Kho!" Akasimama. Hewa haikuinuka. Anayekimbizwa naye akasimama kumngoja Omkar. Mstari mzima umechuchumaa, mvua inawanyeshea.

Mkaguzi akauliza kwa upole kwa nini asimguse mwingine.

"Mwalimu hajatuambia tumtake nani mwingine," akasema Nikhil.

Mkaguzi akawaambia basi wachague wenyewe. Hakuna aliyetikisika. Wote wakanigeuzia macho mimi, na macho yale yalikuwa na woga. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Kisha nikatambua: kosa ni la bibi yake Omkar.

Darasa C nalo lilikuwa na mapengo, maana watoto kadhaa walikwenda kwenye msafara. Wakajipanga upya kabla Ketaki hajafungua mdomo. Aliyewapanga ni Rucha. Mkaguzi akampigia makofi binti yangu. Rucha alinitazama mara moja tu, akainamisha uso.

Jumatatu, 8 Julai

Nimeanza kazi ya chakula. Fujo! Watoto wanakaa popote, wanacheka midomo imejaa. Nimewapanga kwa urefu, huyu anatazama mashariki, jirani yake magharibi. Filimbi ya kwanza, nawa. Ya pili, chukua tonge. Ya tatu, tafuna. Mtoto mmoja akatafuna kabla ya filimbi, nikawarudisha wote mwanzo. Wali wa dengu ukapoa, lakini mistari ilikuwa inapendeza! Mkaguzi angekuwepo leo angejuta. Kesho nitawapa na uhuru: nimeshawapangia nani atataka kuongezwa.

Rucha, mstari wa tatu, hakumaliza sahani yake. Akaomba ruhusa arudi nyumbani. Kichwa kimeanza tena kumuuma.

Mvua hizi!