Bunduki ya Baba na Fundi wa Vigoda

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kikao cha familia kimekwisha. Baba mdogo amekata kauli kuhusu bunduki ya marisau ya marehemu Baba. Haigawanyiki, kasema, wala haiuzwi. Jumapili mimi na mdogo wangu wa kike tutakwenda shambani kwake, kila mmoja aiweke begani na kulenga kopo la rangi juu ya nguzo. Atakayeimudu ndiye atakayeandikiwa kibali. Mpaka hapo inabaki kwake, ndani ya sanduku la chuma.

Mdogo wangu anaitaka kwa ajili ya nguruwe pori wanaommalizia mahindi. Sababu hiyo! Mimi naitaka kwa kuwa ilikuwa ya Baba. Miaka yote hakuniruhusu hata kuibeba kutoka mlangoni hadi sebuleni, eti nitaiangusha. Naitaka mno. Naandika hivyo bila haya.

Tatizo moja. Baba alikuwa mrefu wa kuinamia milango. Leo tumeijaribu. Kitako, ile sehemu ya mbao inayoegemea begani, ni kirefu na kidole changu hakifiki pa kufyatulia. Mdogo wangu akashindwa zaidi, maana ni mfupi kuliko mimi. Mimi si mfupi. Mimi ni wa wastani. Mke wangu kauliza wastani wa wapi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi bunduki. Mjini yuko mmoja tu, chumba chenye nondo dirishani nyuma ya duka la baiskeli. Mzee mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kipajini. Kanipima mkono kuanzia kiwiko hadi kidole cha shahada, kaandika. Kasema kitako kipunguzwe upana wa kidole kimoja, basi. Nikafurahi.

Kisha akataka kibali. Nikamwambia kiko kwa Baba mdogo. Akasema basi Baba mdogo aje mwenyewe, na foleni ni wiki tatu. Nikamweleza kwamba Baba mdogo hatakiwi kujua. Akashusha ile miwani ya kipajini, akanitazama kwa miwani zote mbili. Akasema kazi za namna hiyo hafanyi. Akarudi kwenye tupa yake kama vile nimeshatoka.

Mtu hana adabu kabisa. Kwani kupunguza kidole kimoja cha mbao kunahitaji elimu gani?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata akili. Nimemwambia Baba mdogo nataka kukipaka kitako mafuta, kwa heshima ya marehemu. Kafurahi hadi kanipa bisibisi mwenyewe! Nikafungua mbao tu, chuma kikabaki sandukuni.

Nikaizungushia shuka. Kwenye kona, nani huyo? Mdogo wangu. Akauliza nimebeba nini. Nikasema mguu wa kitanda. Akanipa pole ya kitanda.

Nimeipeleka kwa fundi wa vigoda. Katika maisha yake hajatengeneza kitu kingine. Nikamwambia apunguze kidole kimoja. Akacheka, akasema hiyo kazi ni ya kufanya huku anapiga soga. Nirudi Ijumaa. Huyu ndiye fundi, siyo yule wa miwani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sina hali.

Nimemkuta fundi ana furaha. Alikata kidole kimoja kama nilivyosema. Halafu akakisimamisha kitako sakafuni, kikaegemea kushoto. Yeye, kasema, tangu aanze kazi hajatoa kitu kinachoegemea. Akakata upande wa pili. Kikaegemea kulia. Akakata tena. Na tena. Sasa kimesimama wima! Akanionyesha. Akakipiga kofi, hakikutikisika. Akamwita fundi cherehani wa jirani naye aje ashuhudie.

Nikamwambia bunduki haisimami sakafuni, inakaa begani. Akasema ningemwambia mapema.

Nimepima. Vidole vitano vimekwenda. Nikaketi kwenye kimoja cha vigoda vyake. Lazima niseme ukweli, ni vigoda imara.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimekipaka kitako mafuta mpaka kinateleza. Baba mdogo kaona mng'aro tu, hakuona urefu. Tukakifunga. Nikaiweka begani kidogo, kidole gumba kikagota puani. Nikatabasamu. Baba mdogo naye akatabasamu.

Lakini sijakata tamaa. Kama kitako ni kifupi, bega ndilo litakalorefuka. Nimejaribu sweta tatu na taulo moja lililokunjwa mara nne. Nimefanya mazoezi na fagio mbele ya kioo. Inafaa kabisa! Mke wangu kaniuliza kama nahama.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Jua kali. Sweta tatu. Kijasho kilianza njiani.

Nikapewa nafasi ya kwanza, maana mimi ndiye mkubwa. Nikainua bunduki. Nikapumua. Taulo likashuka hadi tumboni. Nikafyatua hivyohivyo. Kidole gumba kikaingia puani pamoja na nguvu zote za bunduki. Kopo halikuguswa. Papai moja lilianguka, na halikuwa upande ule.

Akaja mdogo wangu. Ile bunduki ilikaa begani mwake utadhani ilipimwa kwake. Kopo likaruka, hatujaliona tena.

Baba mdogo akamkabidhi palepale. Nilijisikia vibaya, vibaya sana. Kitu kimoja tu cha Baba nilikitaka, na nimekikata kwa mkono wangu kikamtosha mtu mwingine.

Halafu mdogo wangu akakigeuza kitako, akaona pale palipokatwa. Akanitazama, machozi yakamtoka. Akawatangazia watu wote kwamba sasa ameelewa ule mguu wa kitanda ulikuwa nini. Kaka yake kaenda kimyakimya kumkatia kitako kwa kipimo chake, kisha leo kakosa shabaha makusudi ili yeye apate. Akanikumbatia, sweta zote tatu. Baba mdogo akasema marehemu alifariki akiamini kwamba mimi ni mbinafsi, na kumbe alinionea.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikalia. Walisema nalia kwa furaha, na kwa pua ile nisingeweza kuwaeleza.

Nikasema tu, si kitu, mdogo wangu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kwa wema wangu Baba mdogo amenizawadia kabati la nguo la Baba! Limeletwa asubuhi na wanaume wanne. La mninga, zito, la heshima. Nimelipapasa kila upande. Hatimaye kitu cha Baba kiko kwangu.

Haliingii mlangoni.

Mke wangu kasema lifunguliwe, lina skrubu. Nimekataa. Kitu cha marehemu hakiguswi, heshima iko wapi? Kitakachoguswa ni mlango. Mwashi wa mtaa wa pili kasema huo ukuta ndio umebeba paa, kwanza auwekee nguzo, zitakwenda siku kumi. Siku kumi! Nimempata mchimba visima. Yeye anasema shimo ni shimo, liwe la kwenda chini au la kwenda pembeni, na sururu yake iko tayari.

Ameshaanza. Mke wangu amewatoa watoto nje, na magodoro, na jiko. Sijui hofu ya nini, mtu anapanua mlango tu.