Beseni la Matairi Manane

Watu wengine bahati huwakuta mahali pa heshima: kazini, dukani, barazani kwa wakwe. Mteremko ilimkuta amejibanza nyuma ya ua wa watu, anatafuta pa kujisaidia. Hajafungua hata kifungo kimoja, akaliona. Limekaa chini ya banda la mabati machakavu, pana, buluu iliyopauka, umbo lake kama beseni la kuogea la jitu, na matairi manene manne ubavu huu na manne ubavu ule. Ndani yake kuku alikuwa anaatamia.

Haja ikamwisha palepale.

Mteremko si jina alilopewa na mama yake. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimuuliza mambo vipi, hujibu, "Mteremko tu," hata siku anapofukuzwa na mwenye nyumba. Alikuwa mrefu, msafi, viatu vinang'aa, na kwa mdomo wake angeweza kumuuzia samaki maji. Kazi yake, kama tutakubali kuiita kazi, ilikuwa kusimama katikati ya kitu na mtu anayekitamani, kisha kuondoka na riziki ya wote wawili.

Gari la namna ile alishawahi kuliona mara moja. Linatembea nchi kavu kama magari mengine, lakini likifika majini haliulizi mtu. Linaingia, linaelea, na matairi yanapiga maji kama miguu ya bata. Akilini mwake akaanza kumtafuta tajiri wa kuuziwa.

"Umepotea, mjukuu wangu?"

Akageuka. Bibi mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni, ameshika bakuli la chakula cha kuku.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Choo kiko kule."

"Hapana, Bibi, nilikuwa napita tu, nikaliona hili dude, roho ikaniuma. Hili litakuletea nyoka. Mtu wa umri wako kukaa na takataka kubwa namna hii! Mimi ni mtu wa kusaidia wazee. Nitakuondolea bure."

"Bure?" Bibi akacheka, akionyesha meno yake matatu ya mbele. "Kuku wangu atataga wapi? Hela nayo sitaki, wajukuu wataila. Mimi nataka pa kukalia. Mgongo umechoka na kigoda."

Hapo Mteremko alifanya jambo ambalo angefikiri kidogo tu asingelifanya. Lakini kufikiri kunachukua muda, na yeye alikuwa mtu wa haraka.

Alikuwa anaishi kwa dada yake, fundi cherehani. Dada huyo alishona sare za shule miaka mitatu, usiku na mchana, mpaka akanunua seti ya makochi matano mekundu. Aliyapenda hata hakuyavua nailoni yaliyokuja nayo. Wageni walikaribishwa kwenye mkeka. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, naye dada alikuwa kwa shangazi yao, anarudi Jumamosi. Mteremko akapiga hesabu ya upepo: leo nalichukua, Alhamisi naliuza kwa tajiri, Ijumaa nanunua makochi kama yale, Jumamosi dada anakuta sebule yake imetulia.

"Bibi," akasema, "ninayo makochi matano. Yangu mwenyewe. Mekundu."

Alasiri ile mkokoteni ukaleta makochi, Bibi akayapanga barazani, akakalia moja moja kuyapima. Mteremko akalikagua gari akishangaa jinsi watu walivyo wajinga. Matairi mapya kabisa. Minyororo ya kuzungushia magurudumu imepakwa grisi. Fimbo mbili za kuongozea, moja ya kushoto na moja ya kulia, zimefungwa vizuri. Ila injini hakuna, na rangi imekwisha. Nani huyo anayenunulia matairi mapya beseni lisilo na injini?

"Tuandikiane," akasema Bibi, akatoa karatasi ya daftari na kalamu. "Lakini kwanza tufurahi. Kitendawili!"

"Bibi, nina haraka."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nyumba yangu ina milango miwili, yote iko sakafuni. Nikiifunga naishi, nikiiacha wazi nahama bila mizigo."

Mteremko akatazama saa. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Kando ya nyumba ile kulikuwa na shimo la zamani la kuchimba mawe, limejaa maji, kijani kibichi, vyura wanaimba humo kama wamelipwa. Mteremko akalinyooshea mkono kwa madaha. "Nakupa bwawa lile, Bibi! Lote! Na chochote changu kitakachozama humo!" Akacheka sana. Maji yeye alizoea kuyaona kwenye kikombe.

"Ahsante, mjukuu wangu. Hebu yaandike hayo kwenye karatasi yetu. Mimi mkono wangu unatetemeka."

Akaandika, neno kwa neno, kwa mwandiko wake mzuri wa mtu aliyewahi kughushi barua nyingi, akaweka sahihi yenye mikia miwili.

"Sasa nikupe jibu?"

"Jibu kaa nalo, Bibi. Utanipa siku nyingine."

"Haya," akasema Bibi, akaikunja karatasi na kuitia kibindoni. "Ila usiseme sikutaka."

Jirani na pale alikuwepo fundi wa jenereta, mtu mwenye maneno machache kama aliyeyanunua kwa bei ghali. Alikuwa na injini moja nzuri. Badala yake akataka pikipiki ya Mteremko. Mteremko aliipenda pikipiki ile kuliko ndugu zake kadhaa, lakini akaitoa, na fundi akalivuta gari mpaka kwake, akaingia kazini siku tatu mfululizo. Akafunga injini nyuma ya viti, akakaza minyororo, akapaka rangi ya chungwa inayoumiza macho. Mteremko alikaa pembeni akimhimiza kama vile yeye ndiye aliyeshika spana.

Siku ya tatu fundi akatoa kichwa kutoka chini ya gari.

"Kuna matundu mawili huku chini," akasema. "Moja mbele, moja nyuma."

"Ya hewa hayo."

"Ya hewa?"

"Fundi, hata gari linahitaji kupumua. Tandika mkeka wa mpira juu yake, mteja asiyaone."

Fundi akafuta mikono. "Umesema wewe," akasema, akatandika mkeka.

Tajiri alikuwa ameshapatikana: Bwana Magodoro, muuza magodoro, mwenye tumbo lililomtangulia kila mahali kama mjumbe. Kila mwaka mvua ikizidi, barabara ya sokoni hufurika, watu wakakwama upande huu na bidhaa upande ule.

"Fikiria, mzee wangu," Mteremko alimwambia, akishusha sauti. "Mafuriko yameingia. Mama ana mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Nani atamvusha?"

"Mimi," akasema Bwana Magodoro, macho yamelegea kwa raha. "Kwa bei ninayotaka."

"Mzee una huruma."

"Na mwenye mgonjwa je?"

"Bei mara mbili, mzee. Mgonjwa habishani."

Wakaelewana upesi, kama wanavyoelewana watu waliozaliwa na maradhi mamoja. Lakini Bwana Magodoro hakuwa mtoto. Alhamisi alikuja na bahasha nene mfukoni mwa koti, akaigusa, akasema, "Hii utaipata tukifika ng'ambo ya maji. Siyo kabla."

"Maji yako mbali, mzee. Hebu tulijaribu hapa barabarani..."

"Lile bwawa la kwa Bibi liko hatua mia mbili. Au gari lako linaogopa vyura?"

Mteremko akalitazama bwawa, akaitazama bahasha. Hakujua gari lile linaelea kwa dakika ngapi, wala hakufikiri kwamba kuna dakika zinazohesabika. Kama jambo hilo lilimgusa, lilimgusa kwenye unyayo.

Wakapanda. Mteremko akavuta fimbo ya kushoto, gari likakata kushoto. Akavuta ya kulia, likarudi. Wakashuka ukingoni kwa mteremko halisi, na loo! Likaelea! Matairi manane yakachapa maji, vyura wakanyamaza, Bwana Magodoro akashika kofia yake akicheka kama mtoto. Barazani, Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi jekundu. Akawapungia mkono.

"Mzee, unaona?" Mteremko akapaza sauti. "Hapa umekalia mali!"

"Naona, naona. Ila mbona miguu yangu imelowa?"

"Hicho ni kiyoyozi, mzee."

Wakaendelea kidogo.

"Kiyoyozi kimefika magotini."

"Tumekiweka juu kidogo kwa sababu ya joto."

"Kijana, kuna chura kwenye mapaja yangu!"

Hapo Mteremko akainua ukingo wa mkeka wa mpira. Chemchemi mbili zilimrukia usoni. Na katika wakati ule ambao wengine huukumbuka utoto wao au dhambi zao, yeye alikumbuka nyumba yenye milango miwili sakafuni. Akasimama juu ya kiti, suruali inavuja, akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani:

"Bibi! Jibu! Nipe jibu!"

"Jibu gani, mjukuu wangu?" Bibi akaitikia bila kunyanyuka.

"La kitendawili!"

"Si ulisema nikupe siku nyingine?"

"Leo ndiyo siku nyingine, Bibi! Tunazama!"

Bibi akaingiza mkono kibindoni, akatoa vizibo viwili vya mpira, vinene kama vikombe vya kahawa, akavionyesha juu. "Hivi hapa! Ukitaka kuliosha unavitoa maji yamwagike. Ukitaka kuogelea unavirudisha. Kuku alikuwa anavidonoa, nikaviweka!"

Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, gari likashuka taratibu mpaka chini. Bahati njema bwawa halikuwa na kina kirefu. Bwana Magodoro alibaki amesimama ndani ya beseni, maji kifuani, ameinua bahasha yake juu ya kichwa kama anayetaka kuulizwa swali darasani. Alitembea mpaka ukingoni kwa miguu yake, akakamua kofia, akamwambia Mteremko maneno ambayo karatasi hii ni safi mno kuyabeba, akaenda zake na bahasha yake.

Mteremko alipotoka amevaa majani ya maji, alimkuta fundi wa jenereta ameshafika na winchi.

"Ahsante, fundi. Livute polepole, rangi isichubuke."

"Mkwe," fundi akamwambia Bibi, "nilipeleke palepale bandani?"

Mteremko akamtazama fundi. Akamtazama Bibi. "Mkwe?"

"Kamuoa binti yangu wa pili," akasema Bibi. "Mkimya, lakini ana mkono mzuri. Ndiyo, baba, palepale bandani." Akakunjua karatasi ya daftari, akasogeza miwani, akasoma polepole: "'Na chochote changu kitakachozama humo.' Mwandiko wako mzuri sana."

"Bibi, umenitapeli!"

"Mimi? Nilikwambia gari lina milango sakafuni. Nikataka kukupa jibu, ukakataa. Mkwe wangu naye akakuonyesha matundu, ukamwambia gari linapumua. Tungefanya nini zaidi, tukuchoree?" Akamsogezea taulo. "Kwanza usihuzunike, hukuwa peke yako. Wa kwanza alikuja anataka kunisaidia kuondoa takataka, akaniachia matairi. Wa pili minyororo. Wa tatu, kijana mzuri kama wewe, fimbo na viti. Nikawa naomba kila siku, Mungu wangu, sasa niletee mwenye injini."

Mteremko akakaa chini ukingoni. Maneno, ambayo hayakuwahi kumtoroka hata polisini, yakamtoroka. Akabaki na moja la kweli, akalitoa kwa sauti ndogo.

"Makochi si yangu, Bibi. Ni ya dada yangu. Ameshona miaka mitatu. Anarudi keshokutwa."

Bibi akaacha kucheka. Akaigusa nailoni ya kochi alilokalia, ambayo yeye pia hakuwa ameivua. "Hilo halikuwemo kwenye kitendawili," akasema. "Ungesema tangu Jumatatu, ungerudi kwenu na makochi yako na maji ya kunywa." Akafikiri. "Mvua zinakuja. Nataka mtu wa kuvusha watu sokoni, mwenye mdomo wa kuita abiria na mkono wa kuvuta fimbo. Kwa bei ya maskini, na mgonjwa bure. Utanifanyia mpaka mvua ziishe, nami nitakalia kigoda changu kama nilivyozoea. Makochi yarudi."

"Na pikipiki yangu?"

Fundi akasema, "Inakimbia vizuri."

Jumamosi injini ilikuwa imekauka, vizibo vimekazwa, na gari likafanya safari ya kwanza ya halali maishani mwake. Kochi moja kila safari, kwa sababu mawili hayakuenea. Saa kumi Mteremko alikuwa anakata kona ya mwisho na kochi la tano, Bibi amelikalia juu kabisa kama bibi harusi, majirani wamejipanga, ndipo alipomwona dada yake amesimama mlangoni na begi lake.

Dada hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha.

"Kitendawili," akasema dada.

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nimeondoka nina makochi matano yamekaa. Nimerudi, manne yana matope, la tano linatembea barabarani na bibi nisiyemjua juu yake."

"Nimeshindwa, dada."

"Nipe mji."

Mteremko akafungua mdomo, mkono umeshaanza kunyooka kwa madaha yake yaleyale. Kisha akageuza shingo. Juu ya kochi, Bibi alikuwa ameshatoa karatasi ya daftari, anatafuta kalamu.

Akafunga mdomo. Majirani wanaapa kwamba alisimama pale, mkono hewani, mpaka wakaondoka kwenda kupika.