Roki ya Mabetri ya Kuanika

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya Rumonge nzima. (Sawa, nusu ya Rumonge. Nusu nyingine itahadithiwa kabla ya magharibi.)

Mnajua tangu Uhuru kila orkesta hapa inapiga rumba. Mimi nikasema hapana, bendi yetu ya matarumbeta itapiga roki ya Wamarekani kwa mtindo wa jazi kubwa. Nilikuwa na santuri moja na gramafoni ya mabetri. Nikasikiliza, nikagawa sauti: tarumbeta juu, saksofoni katikati, tromboni chini. Wimbo wenyewe ulikuwa mzito, wa polepole, mwimbaji ana sauti ya fahali mgonjwa. Nikawaambia wenzangu, "Hii ndiyo bluzi. Mtu ana majonzi." Wakaniamini. (Mimi ndiye kiongozi. Nani angebisha?)

Mabetri yakichoka nilikuwa nayaanika juani, pale wanapoanika samaki wadogo wa ndagala, kama kila mtu. Yakipata joto, kazi inaendelea.

Alasiri tukaenda kwa Mama Feza, yule wa Uvira mwenye baa karibu na soko. Anatafuta bendi ya kila Jumamosi. Ni sisi au wale wa Nyanza-Lac, na mimi nimeapa wale hawakanyagi hapa. Baa imejaa. Nimevaa suti ya shemeji.

"Amahoro, Baba Saidi," akasema Mama Feza. "Disiki yenyewe iko wapi? Tuisikie kwanza."

Ana jenereta, ana gramafoni ya umeme. Nikampa santuri kwa madaha.

Ndugu zangu, kumbe ule wimbo unakimbia! Mwimbaji ni kijana, sauti nyembamba, anapiga kelele kama aliyekanyaga kaa la moto. Baa nzima ikainuka kucheza. Ramazani wa tromboni akaninong'oneza, "Chef, hii ni ile yetu?"

"Ni ile ile. Mabetri yangu yalikuwa yanaizungusha kivivu."

"Sasa tufanyeje?"

"Tunapiga tulivyojifunza."

Tukapiga. Polepole, kwa nguvu zote, kila sauti mahali pake. Wachezaji wakaganda. Mzee mmoja akavua kofia. Mama mmoja akajitanda kitenge kichwani, akamuuliza jirani yake, "Ni nani amekufa?" Nikafumba macho nikaendelea, maana kuachia katikati ni aibu mara mbili. Nilipoyafumbua, baa ilikuwa tupu. Hata mwenye chupa nusu alikuwa ameiacha mezani.

Nikaanza kufungasha tarumbeta. Mama Feza ameegemea kaunta, anawaza.

"Baba Saidi, ngoja kwanza. Batu ya pombe hapa habatoke. Ninabafukuza, banakataa. Kila samedi mutakuya saa ya kufunga, mupige hii moja tu."

Basi kazi tumepata, na wale wa Nyanza-Lac wameikosa. Karibuni Jumamosi. Anayetaka kucheka acheke huko huko nje, maana tukianza kupiga, humo ndani hamkaliki.