Rangi Iliyovuliwa Pombe

Jumatatu, 3 Novemba
Aarhus. Mvua, upepo, baiskeli. Nimeapa! Mwanga wa rodamini, ile rangi ya maabara inayong'aa, nitaupata mimi, si Ragnhild mwenzangu wa maabara. Vibeke, profesa wetu, kasema atakayeupata kwanza atakaa na mtambo wa ombwe mpaka majira ya machipuko. Mwingine atarudi kupima rangi ndani ya pombe. Aibu tupu.

Ndani ya pombe kila molekuli ya rangi imezongwa na molekuli za pombe, na mwanga wake huvutwa upande wa rangi ya machungwa. Kwenye ombwe, pasipo hata hewa, iko peke yake, hivyo huelekea kijani, rangi yake halisi. Njiani nikajiuliza mimi ningekuwa rangi gani nisipozongwa na watu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimemdanganya Ragnhild kuwa pampu inakohoa, leo hakuna kupima, aende tu kwenye kwaya yake. Kanishukuru, kanipa na pipi za chumvi. Niliona haya. Kidogo.

Nikafunika kidirisha cha mtambo kwa kizibao changu cha njano cha baiskeli, asije mtu akachungulia. Nikawasha leza. Kilima cha mwanga kwenye skrini! Kirefu! Upande wa kijani kabisa!

Jumatano, 5 Novemba
Nimetangaza. Ragnhild kanipongeza, kisha akauliza kama niliwahi kuifunga rangi isiingie mtamboni, nione kama mwanga unazimika. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Novemba
Maabarani kwetu mwenye ushindi huleta keki ya Ijumaa. Nikaleta kubwa, ya sukari guru. Vibeke akataka kuona kwa macho yake. Ragnhild akafunga rangi. Kilima kikabaki palepale. Akaondoa kizibao kidirishani. Kilima kikatoweka.

Vibeke akasema kumbe tumegundua kwamba kizibao cha Villads, yaani changu, kinang'aa, hongera sana, na kwetu aliyekosea naye huleta keki, kwa hiyo tuonane Ijumaa ijayo.

Ragnhild akafungua rangi tena, akasubiri. Kikachomoza kilima kidogo, dhaifu, cha kweli. Akaniita nikione kabla ya wengine. Kilikuwa kizuri mno, nikaumia.

Jumamosi, 8 Novemba
Mtambo ni wake. Nimewaza sana. Molekuli ikiachwa peke yake husema kweli. Mimi nikiachwa peke yangu ndipo ninapoanza kudanganya.

Nimejirekebisha. Jumatatu nitamwomba zamu moja tu, ya jioni ya kwaya. Kidirisha nitakifunika kwa koti jeusi, lisilong'aa.